Miaka 50 ya kungoja amri moja: tamko la wakulima wa Kamina kuhusu ardhi ya vijiji

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri. Kwa Waheshimiwa wabunge na maseneta waliochaguliwa Haut-Lomami. Kwa Mheshimiwa Gavana na bunge la jimbo. Kwa wazee wetu wa kimila. Na kwa wakaaji wote wa teritwari za Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu.

Sisi wakulima, wafugaji na wavuvi wa chama chetu, tuliokutana Kamina leo tarehe 20 Julai 2023, tunatoa tamko hili siku ambayo Sheria Na. 73-021 ya 20 Julai 1973, sheria ya ardhi, inatimiza miaka 50. Sheria hiyo ina deni kwetu, na deni lenyewe limeandikwa ndani yake.

Kifungu cha 387 kilisema kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za vijiji zinakuwa ardhi za Serikali tangu siku sheria inapoanza kutumika. Kifungu cha 388 kikaeleza ni ardhi zipi: zile ambazo jamii hizo zinaishi, zinalima au zinatumia kwa namna yoyote, kwa pamoja au mtu mmoja mmoja, kwa kufuata mila na desturi zao. Ahadi iko katika kifungu cha 389: haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Tangu siku ile nchi imebadili jina, bendera na katiba. Imekuwa na marais wanne. Mtoto aliyezaliwa wiki ile leo anaitwa babu. Amri ya kifungu cha 389 haijatoka.

Aliye mjini anaweza kudhani hayo ni mambo ya makarani. Ukweli ni kwamba nchini mwetu kuna watu wa namna mbili mbele ya udongo. Wa kwanza ana cheti cha usajili. Cheti hicho kikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia ya pesa, lakini shamba halirudi. Wa pili hana cheti. Babu wa babu yake amezikwa pale, miembe aliipanda mama yake, chifu na majirani wote wanajua mpaka wa shamba lake uko kwenye mti gani, na bado mbele ya sheria mtu huyu anavumiliwa tu, mpaka siku atakapotokea mwenye karatasi.

Tueleze jinsi inavyotokea, maana wanaotunga sera Kinshasa hawajaiona kwa macho. Katika kijiji kimoja cha teritwari yetu, wamama walikwenda kufungua shamba lililokuwa limepumzishwa kwa miaka kadhaa. Walikuta nguzo fupi ya saruji imesimikwa kando ya kichuguu kikubwa, juu yake zimechorwa herufi na namba. Hakuna aliyejua imefika lini. Tangazo la uchunguzi lilikuwa limebandikwa ofisini, mbali na kijiji, kwa Kifaransa, katika majira ambayo watu wote wako mashambani kuanzia alfajiri. Muda wa kupinga ulikuwa umekwisha. Mpimaji alipopita pale aliona pori. Mwenye kijiji anaona vitu vingine kabisa: kichuguu ambacho hupandwa mahindi juu yake kwa sababu udongo wake una nguvu, mashina ya mihogo ya zamani, njia ya kuteka maji, makaburi. Shamba linapumzishwa ili lirudishe rutuba, kwa kuwa mkulima wa huku hana mbolea ya dukani. Kwa hiyo kadiri anavyoitunza ardhi yake kwa ustadi, ndivyo inavyozidi kuonekana haina mtu.

Mtego huu ni wa zamani kuliko sheria ya 1973. Tarehe 1 Julai 1885, dola la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji likiwa bado changa, iliwekwa amri kwamba ardhi zisizo na mtu ni mali ya Serikali. Mwafrika akahesabiwa kuwa na nyumba zake na kipande anacholima msimu huo. Mapumziko ya shamba, malisho, misitu ya uwindaji na kingo za mito zikaitwa tupu. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, ambayo iliisimamia ardhi ya Katanga kwa niaba ya Serikali na ya Compagnie du Katanga: theluthi mbili za faida kwa Serikali, theluthi moja kwa kampuni. Kijiji hakikuwa na fungu.

Juu ya msingi huo ukajengwa ukulima wa tabaka mbili, kwa rangi ya ngozi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na ilipofika Ilebo mwaka 1928 Kamina ikawa mji wa njiani, wenye mitaa ya Wazungu na cité ya weusi. Walowezi wa Katanga walikuwa na chama chao, UCOL, kilichoanzishwa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1944, cha kudai ardhi zaidi na Wazungu zaidi. Mwaka 1947 wakaundiwa hata shirika la mikopo, Société de Crédit au Colonat. Mkulima mweusi hakuwa na hati ya kuweka rehani. Alikuwa na kapita.

Kapita huyo, msimamizi wa kazi, wazee wetu walimfahamu vizuri. Tangu amri ya 1917 mwenye kijiji alilazimishwa kulima alichopangiwa na ofisa, na baadaye sheria ikaweka kikomo cha siku 60 kwa mwaka. Asiyetimiza aliingia gerezani. Pamba ilikuwa na ubaya wake wa pekee: kwa amri ya 1921 nchi iligawanywa kwa maeneo, na kila eneo likapewa kampuni moja ya kununua. Bei ikapangwa na mnunuzi. Wanaume waliokimbia pamba walikutana na mwandikishaji wa kazi za migodi, kwa sababu Lomami ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako Union Minière, kampuni ya shaba, ilipata wafanyakazi wake. Mahindi ya kuwalisha watu hao yalitoka pia kwa wake zao waliobaki. Katanga yote ya shaba ilisimama juu ya jembe ambalo halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Kuna wanaoikumbuka paysannat, mpango wa kikoloni wa kuwapanga wakulima mashambani, kwa mapenzi, na sisi tunao wazee wa namna hiyo katika chama chetu. Hatuwapingi kwa kila jambo. Mpango ule ulianza kwa majaribio mwaka 1936 na ukapanuliwa katika mpango wa miaka 10 wa 1949 hadi 1959, ukafikia karibu familia laki mbili katika Kongo nzima. Ulileta mbegu bora, moniteri wa kilimo aliyefika shambani, na zamu ya mazao iliyofikiriwa vizuri. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, ilichora ramani ya udongo na uoto wa Kaniama ambayo mtaalamu wa leo angali anaitumia. Lakini mkulima aliyepangwa katika mstari wa paysannat hakupewa ule mstari. Alipewa ruhusa ya kuutumia. Ni mwaka 1953 tu ndipo amri ilipofungua njia ya Mkongo kumiliki ardhi kwa jina lake mwenyewe, nayo njia ile haikufika kijijini. Miaka saba baadaye Wabelgiji walikuwa wameondoka, na moniteri naye hakuonekana tena. Kilichobaki kwa mkulima ni kile alichokuwa nacho kabla: ruhusa.

Uhuru ulituletea vita kwanza. Katanga ilijitenga Julai 1960, na vijiji vya Baluba wa kaskazini vikachomwa moto. Nchi ilipotulia, sheria ya Bakajika ya 1966 ilirudisha ardhi kwa Serikali, jambo lililopigiwa makofi. Ikaja sheria ya 1973, na kabla mwaka haujakwisha, tarehe 30 Novemba, Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakuwa ya Wazairwa. Shamba la mlowezi halikurudi kwenye kijiji lilikokatwa. Lilipewa mkubwa. Ng'ombe wakaliwa, mashine zikauzwa vipande, na leo ukipita sehemu nyingi unaona pori lililoota juu ya josho la saruji, huku wanakijiji jirani wakikatazwa kulima humo kwa sababu lina mwenyewe. Mwananchi yeye alipewa salongo, kazi ya lazima kwa jina la taifa. Wazee waliozoea siku 60 hawakuona tofauti kubwa.

Ndiyo maana tunasema hivi: ubaguzi wa rangi uliondoka katika mitaa, katika mabehewa na katika shule, lakini katika ardhi ulibadilishiwa mwenyewe tu. Mpaka kati ya mwenye cheti na anayevumiliwa umebaki palepale ulipochorwa mwaka 1885. Ndugu zetu wa Afrika Kusini walinyang'anywa kwa sheria ya 1913 iliyowaachia weusi kiasi cha asilimia 7 ya nchi. Uovu ule ulikuwa na namba na ramani, na kwa sababu hiyo baada ya 1994 mtu aliweza kwenda na madai mkononi na kusema, shamba langu ni lile, nilifukuzwa mwaka ule. Wamefika wapi na kazi hiyo ni hadithi nyingine, tena ya uchungu. Sisi hatuna hata pa kuanzia kudai, kwa kuwa ardhi yote ilitangazwa ya Serikali kwa mkupuo mmoja, kwanza na mkoloni, kisha na sisi wenyewe.

Sasa tunaambiwa udongo utalipiza kisasi kwa madini. Kauli hiyo ya Mheshimiwa Rais Tshisekedi tunaipenda. Haiwezekani jimbo lenye mito ya Lualaba na Lomami na maziwa ya Upemba lingoje unga kutoka Zambia. Mwaka huu tena, unga ulipopanda bei Lubumbashi na Mbuji-Mayi, familia zilianza kuhesabu meka (kopo la kupimia) badala ya gunia, na wengine wakala bukari (ugali) mara moja kwa siku. Tatizo ni la kweli. Tunauliza tu: kisasi hicho atakilipiza nani, na kwa ardhi ya nani?

Maana majibu tuliyoyaona mpaka leo yanafanana. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, ukaanguka, na mambo yake yakafika mahakamani. Katanga ya zamani ilikuwa na gavana, Moïse Katumbi, aliyeziamuru kampuni za migodi zilime mahindi. Zililima kwa kusukumwa, na jambo halikudumu. Hapa kwetu Kaniama-Kasese, Service National, idara ya Serikali, inalima mashamba makubwa kwa mikono ya vijana walioletwa kutoka Kinshasa, na mahindi yake yamepelekwa Mbuji-Mayi kuuzwa kwa bei nafuu. Hatuna neno baya juu ya kijana aliyefundishwa kushika jembe au trekta. Lakini mkulima wa kijiji jirani, ambaye hana trekta ya Serikali wala mafuta ya Serikali, hushindana sokoni na mahindi hayo, tena kwenye barabara ileile na reli ileile mbovu. Katika mipango yote mitatu mwenye kijiji ni mtazamaji. Mkubwa analima kwa niaba yake.

Kuhusu barabara na reli tutasema kwa ufupi, kwani kila mtu anajua. Mahindi hukaa stesheni mpaka yanaota. Treni ya mizigo ndiyo basi letu, na ajali ya Aprili 2014 karibu na Katongola, iliyoua watu zaidi ya 60, ilituonyesha gharama yake. Anayesukuma baiskeli yenye magunia hulipa kwenye kila kizuizi. Mnunuzi huja na gunia lake mwenyewe, lililoshonewa kipande shingoni ili limeze zaidi, na mkulima mwenye deni la shule hawezi kulikataa. Pesa za kurekebisha haya zimeahidiwa tangu Maputo mwaka 2003, pale marais wa Afrika walipokubaliana kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kongo haijakaribia. Tunaliacha hapo, kwa sababu hata barabara ikitengenezwa kesho, itakuwa inapandisha thamani ya ardhi ambayo si yetu, na wa kwanza kufaidika atakuwa mwenye kujua njia ya ofisi ya ardhi.

Tunaambiwa jambo letu ni gumu, linataka tafiti. Si kweli. Sheria za nchi hii zimeshalitatua sehemu nyingine. Kwa dekreti Na. 14/018 ya 2 Agosti 2014, jamii ya kijiji inaweza kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Kwa Sheria Na. 22/030 ya 15 Julai 2022, ndugu zetu Wambilikimo wametambuliwa haki zao juu ya ardhi wanazoishi. Kwa hiyo kijiji kinaweza kushika mti, lakini hakiwezi kushika shamba lililo chini ya mti ukishakatwa! Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011 ilitaja mashamba, mapumziko na malisho ya jamii kuwa ni haki zao za kimila, ikaishia kusema haki hizo hazihitaji cheti. Wenye nia njema waliona wametuondolea usumbufu. Mahakamani, asiye na cheti ndiye anayepoteza.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Watanzania wana Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kijiji kinapimwa, kinapewa cheti cha ardhi ya kijiji, na ndani yake mtu au familia inaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Migogoro haikuisha huko, hasa kati ya wakulima na wafugaji, na vijiji vingi vilisubiri miaka kabla ya kupimwa. Hata hivyo mtu wa kijijini akienda mbele ya hakimu ana kitu cha kuweka mezani.

Tuna neno pia kwa wazee wetu wa kimila, na tunalisema kwa heshima iliyo haki yao. Chifu ni mlinzi wa ardhi. Ardhi si duka lake. Katika miaka hii baadhi wameweka sahihi kwenye karatasi wasizozisoma kwa ajili ya mfuko wa chumvi, pikipiki au bahasha, na wametoa mashamba ya watu wanaowaita watoto wao. Mjane naye, mume akishazikwa, hupokonywa shamba na ndugu za marehemu huku kila mtu akisema ndiyo mila. Sheria ya 2016 iliyorekebisha sheria ya familia haikuacha nafasi ya mchezo huo. Tukidai kijiji kipewe ardhi, tunadai kijiji chenye wanawake ndani ya kamati yake na ndani ya daftari lake, kwa majina yao. Bila hivyo tutakuwa tumemtoa mkulima mikononi mwa ofisa na kumkabidhi kwa shemeji.

Tume ya marekebisho ya ardhi, CONAREF, iliundwa mwaka 2013. Serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Ardhi mwaka jana. Tumesomewa sera hiyo, na mengi ya humu yamo mle. Lakini hakimu hahukumu kwa sera.

Kwa hiyo tunamwomba Mheshimiwa Rais atie sahihi amri ya kifungu cha 389, au Bunge lipitishe marekebisho ya sheria ya 1973 yatakayoiondoa haja ya amri hiyo kwa kuitambua ardhi ya kijiji kuwa mali ya kijiji: yenye mipaka iliyopimwa mbele ya majirani, pamoja na mashamba yaliyopumzishwa, malisho na kingo za maji za wavuvi, isiyouzwa na mtu mmoja.

Tunamwomba Mheshimiwa Gavana, ambaye sheria inamruhusu kutoa ardhi ya kijijini hadi hekta 200, asitie sahihi konsesyo yoyote mpya mpaka hapo, isipokuwa pale ambapo uchunguzi umefanyika ndani ya kijiji chenyewe, kwa Kiswahili na Kiluba, ukatangazwa sokoni na makanisani, nje ya miezi ya kupanda. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua moja.

Tunataka pia orodha ya makonsesyo yote ya kilimo na mifugo ya Haut-Lomami ibandikwe Kamina na katika makao ya kila teritwari, ikionyesha jina la mwenye konsesyo, hekta zake, mwaka alioipata na kinachofanyika pale sasa. Sheria ileile ya 1973 inamtaka mwenye konsesyo aiendeleze. Iliyolala miaka mingi irudi kwa kijiji ilikokatwa, na watu walioanza kulima ndani yake kwa shida wasifukuzwe wakati mambo yanachunguzwa.

Uchaguzi umetangazwa kuwa tarehe 20 Desemba 2023. Wagombea watakuja na fulana, chumvi na nyimbo. Chama chetu hakina mgombea. Katika kila mkutano wa kampeni utakaofanyika kijijini kwetu, mwanachama mmoja atasimama na kuuliza swali hili tu: utafanya nini kuhusu kifungu cha 389, na lini? Jibu litaandikwa katika daftari, mbele ya watu, pamoja na jina la mgombea na tarehe. Madaftari hayo yatakusanywa Kamina mwezi Januari 2024, na yatasomwa hadharani siku wabunge wapya watakapoanza kazi.

Imetolewa Kamina, tarehe 20 Julai 2023.

Nakala: Ofisi ya Rais wa Jamhuri, Wizara ya Ardhi, Wizara ya Kilimo, CONAREF, Gavana na bunge la jimbo la Haut-Lomami, wasimamizi wa teritwari tano, machifu, parokia, makanisa na misikiti, redio za Kamina, tunazoziomba zilisome tamko hili lote, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, saa za jioni watu wanapokuwa wamerudi kutoka shamba.